Ghala, Duka au Gazeti?

Kisangani, Jumanne, Oktoba 1956

Mvua tangu alfajiri. Kichwa changu kimevurugika.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunicheka. Sijui Kiingereza. Nilimdanganya patron, Mgiriki mwenye duka mjini, ili anipe ukarani. Nilicho nacho ni kamusi moja kuukuu.

Leo asubuhi Papa Bolamba, mpiga kasia wa Basoko, alileta barua ya nesi Mwingereza. Nesi aliomba tumkabidhi mzee huyo "magazines" zake. Kwa Kifaransa magasin ni duka. Kamusi nayo, maana ya kwanza iliyotoa ni ghala. Nikamwambia patron kwamba nesi anadai mali yake iliyomo ghalani mwetu.

Tulipekua magunia na makasha mpaka saa sita. Papa Bolamba, ambaye hajui kusoma lakini ameshambebea nesi mizigo kama hiyo, alingoja kwa adabu, kisha akanyoosha kidole chini ya meza yangu. Palikuwa na bunda la magazeti ya picha, ambalo karani aliyenitangulia alimwekea nesi.

Kila siku huwa naliwekea miguu juu.

Patron hakupaza sauti. "Alors, Kiingereza unajua ao hapana?"

Nilijibu kwamba nimesahau kidogo.

Niliporudi nyumbani nilisoma maandishi madogo ya kamusi. Waingereza walilitoa neno kwa Wafaransa, Wafaransa kwa Waitaliano, Waitaliano kwa Waarabu: makhazin. Nikalipeleka kwa papa yangu mzazi, anayefundisha watoto Kurani barazani.

"Hii neno naijua," akasema. "Iko maghala, mengi."

Akaliandika kwa Kiarabu, akanisogezea karatasi. Sikuweza kulisoma. Niliacha masomo yake nikiwa na miaka tisa, nikaenda shule ya misheni, na hatujawahi kulizungumza jambo hilo.

Aliniachia karatasi, akarudi kwa wanafunzi wake.

Sielewi. Ghala liligeukaje gazeti? Labda waliona ni ghala la habari. Na neno hili sasa ni la nani, la nesi au la papa? Mbona nimelifuata mbali hivyo, na lilikuwa nyumbani kwetu?

Kesho nitamwambia patron ukweli kabla hajaniuliza tena. Akinifukuza, basi.

La papa ndilo gumu. Nina miaka ishirini na minne. Nitaanzaje kumwomba nikae mkekani na wale watoto, anifundishe kuanzia alifu?