Lango la Baba Linaelea

Agneta, nusura nimchape huyu ndugu yangu Oduor! Nimemkuta akiwasha jiko kwa michoro ya Baba. JIKO! Eti takataka.

Takataka? Ziwa lilipomeza boma letu 1964, si ni Baba, msanifu majengo mzima, aliyechora nyumba za kuelea juu ya mapipa?

1971 akaipeleka michoro kwenye baraza la chifu, Kombewa. Wazee wakacheka: "Bwana Ouma, upepo ukigeuza nyumba, mlango wa mke wa kwanza utatazamaje lango la boma?" Na kwa mila yetu LAZIMA utazame lango.

Baba akafungua karatasi ya pili. Lango nalo linaelea, limeunganishwa na nyumba, vinageuka pamoja. "Swali lingine?"

Hiyo karatasi ndiyo nimeitoa motoni, imeungua pembe.

Na ziwa limepanda tena, liko uani kwa Oduor. Nimemwambia maji yakifika kitandani, asinipigie simu.