Onja Kwanza

Naviundu, 6/9/2024

Hapana, yaya Honorine, haiko lutuku, ile pombe kali ya kupika ku nyumba. Mwenye alikuambia vile, umuambie aoshe masikio. Iko vodka, ya mu chupa, na étiquette yake yenye kuandikwa jina. Na vodka yenyewe haiko mingi.

Jambo kwako, yaya, dada yangu mukubwa. Habari ya magoti? Batoto banakula? Siye huku tunapumua. Bibi yangu Exaucée anakusalimia. Jua ya Naviundu inatupika bila chumvi.

Uliniuliza mu karatasi, nakujibu mu karatasi. Nilifungua katable, kameza ka kuuzishia, mbele ya garage ya mitokaa. Ninakamata kopo, ninatia bouchon mbili za vodka, bouchon ile ya kufunga chupa. Kisha ndimu, chungwa kidogo, citronnelle, ile muchaichai, yenye ilichemuka na ikapoa, menthe, ile nanaa, ya kuponda na kijiko, na mayi baridi. Jina yake "Majani". Baclient banakuja: "Bwalya, letea miye Majani!" Sawa bambuzi.

Shida iko moja. Bière, unaifungulia muntu mbele ya macho, anakunywa. Lakini kintu ya kuchanganya mu kopo, kila muntu anasema: "Onja kwanza." Unajua vile tuko: mwenye kuleta kinywaji njo anaanza, juu basimuite mulozi, muchawi wa sumu. Kopo makumi tatu kwa siku, kuonja mara makumi tatu. Kufika saa nane, kichwa inaimba kwaya bila maître wa kuiongoza.

Njo maana nataka kuipunguza nguvu. Bouchon moja, kisha nusu. Lakini ukipunguza vodka, lazima kintu ingine ijaze kinywa. Kama haiko vile, banasema "umetia mayi". Mu kazi yetu, hiyo matusi inapita ya kutukana mama.

Nilifikiri lumba-lumba, ile majani ya harufu kali yenye mama alipendaka. Unakumbuka? Akiinama kunifunika na blanketi, alinuka lumba-lumba. Tangu alikufa sijasikia harufu muzuri sawa ile. Unitumie mufuko, Précieux atabeba mu taxi-bus yake.

Mudogo yako,
Bwalya


Kipushi, 11/9/2024

Jambo mudogo Bwalya. Magoti iko inalalamika lakini inatembea. Batoto biko muzuri. Musalimie Exaucée.

Nimekutumia ndimu, citronnelle na menthe. Lumba-lumba haiko. Haikuota mwaka huu.

Vodka sitaki kuisikia. Kunywa mayi.

Yaya yako,
Honorine


Naviundu, 17/9/2024

Jambo yaya, aksanti kwa ndimu. Zilifika zote, isipokuwa tatu zenye Précieux alikula na chumvi. Anasema zilianguka. Zilianguka mu kinywa.

Anasema tena lumba-lumba yako imefika ku dirisha. Labda alichanganya na muhogo. Mi sijue, mi siko chauffeur.

Nilijaribu bouchon moja. Paulin, mécanicien, akavuta kidogo, akaniangalia.

"Bwalya, nilikuomba Majani, unanipa mayi ya kunawa?"

"Papa Paulin, iko léger, nguvu kidogo, ya bantu benye kufikiri."

"Mi sikuja kufikiri. Nilitoka chini ya mutokaa tangu asubui."

Garage yote ikacheka. Nami nikacheka, juu kucheka njo kazi yangu. Nikarudisha bouchon mbili. Yaya, nimechoka. Kuchekesha bantu kutoka asubui, inapita kubeba simenti. Simenti unaitula chini. Uso yenye kucheka unarudi nayo ku nyumba, na haujue utaitula wapi.

Hata majani kumi tu. Tafazali.

Mudogo yako,
Bwalya


Naviundu, 2/10/2024

Jambo yaya. Uko? Uko muzuri?

Précieux anasema alikupa karatasi yangu mu mikono, ukaikunja, ukaiweka mu kitambala. Kitambala haiko sanduku ya posta.

Huku joto. Sitini ya kopo siku ya posho, wakati bantu banalipwa. Sitini, yaya. Umefahamu hesabu.

Mudogo yako


Naviundu, 12/10/2024

Jambo yaya. Hii haiko ya kuomba majani.

Jana nilianguka. Ilikuwa saa ine ya asubui, jua haikuwa hata kali. Nilionja kopo ya Paulin, nikamupa, kisha miguu ikaniaga. Nilianguka na sinia, na ndimu zote.

Unajua bantu bilifanya nini? Bilipiga makofi. Bilisema: "Bwalya! Rudilia tena!" Biliwaza ni mchezo. Mi niko chini, uso mu vumbi, naona biatu ya miguu yao inaruka juu ya kucheka. Paulin mwenyewe njo aliona macho yangu, akasema: "Munyamaze. Hachezi."

Exaucée alikuja kunibeba. Ku nyumba akasema: "Uko na harufu."

Nikajibu: "Ni menthe."

Akasema: "Kila siku unatafuna menthe mbele ya kuingia. Unawaza sijui?"

Yaya, sikujua mi mwenyewe kama nilikuwa nafanya vile.

Bwalya


Kipushi, 15/10/2024

Jambo mudogo. Leo siulizi habari, nimezisoma.

Nilikudanganya. Lumba-lumba iko. Iko mingi, ninaikata, inarudi.

Nikuambie kintu yenye sijaambia muntu. Wakati mama yetu, mama Mwape, alikuwa anauzisha lutuku, weye ulikuwa na miaka sita, mi kumi na tano. Mama hakuikalaka chini na kopo yenye kujaa, hata siku moja. Mi nilikuwa pale, niliosha bikopo. Lakini kila client alimuambia: "Mama Mwape, onja kwanza." Na yeye alionja. Kisha alienda mbio nyuma ya nyumba, alitafuna lumba-lumba, juu weye ulikataa kulala kama haulale ku kifua yake.

Ile harufu unaita ya mama, ilikuwa ya kujificha. Alikuficha weye harufu ya lutuku.

Ku kilio bantu bilisema mbele yetu: "Mulevi amekufa." Nilikuwa mutoto, na sikujua namna ya kubaambia kweli. Sasa ninaijua. Mama hakukufa na kunywa, mudogo. Alikufa na kuonja.

Njo maana sikukutumia. Ulipoandika "unitumie", nilimuona nyuma ya nyumba, anatafuna, na weye unamungojea mu blanketi.

Usinijibu na mchezo.

Yaya yako,
Honorine


Naviundu, 27/10/2024

Jambo yaya. Natumaini karatasi hii inakukuta na nguvu. Exaucée anakusalimia, ameanza kusema na mi, maneno mbili-mbili.

Barua yako niliisoma mara tatu, kisha Exaucée akaisoma ya ine, juu mi nasomaka sawa muntu mwenye anavuka muto: jiwe moja, kupumzika, jiwe ingine. Tuliikaa chini. Sikupata mchezo hata moja. Nilitafuta, juu njo namna yangu ya kulia, lakini hapana.

Nilifunga table siku tano. Siku ya sita nikarudi, juu tumbo haijui kilio. Lakini nilibadilisha kazi. Ukuje usikie.

Ndimu, chungwa, citronnelle na menthe, nazichanganya mu jagi kubwa, bila vodka. Ninasugua ganda ya ndimu ku mudomo ya kopo, juu pua ifike mbele ya ulimi. Nikipewa "onja kwanza", naonja ile: mayi ya majani. Vodka inabakia mu chupa, juu ya meza, macho yote inaiona. Client njo anafungua, anajitilia yeye mwenyewe na bouchon. Kintu unajitilia na mukono yako, utamuambia nani aonje?

Paulin alikamata chupa, akajaza bouchon. Akaona garage yote inamuangalia. Akarudisha nusu.

"Papa Paulin," nikasema, "nani ametia mayi leo?"

"Nyamaza, Bwalya."

Akakunywa yote. Akaomba ya pili, na ya pili hakutia hata tone. Jana nilionja mara makumi tatu na moja, nikarudi ku nyumba na miguu yangu mbili. Exaucée alinusa, akanipa bukari, ile ugali yetu.

Lakini yaya, kinywa ingali na shimo. Ndimu inaingia, inatoka, hakuna mwenye anabakia kufunga mulango. Iko majani moja tu yenye inaweza kuufunga, na weye unaijua.

Njo naomba tufanye hivi. Siku ya posho, panda mu taxi-bus ya Précieux, ukuje. Uikae ku table yangu, weye mama wa kwaya ya kanisa. Kopo ya kwanza ya jagi, weye njo unaonja mbele yangu. Mangaribi, mbele sijatafuna kintu, unanusa kinywa yangu. Ukisikia vodka, nakupa table, kiti na jagi, utapikia bukari nazo. Usiposikia, unanipa lumba-lumba moja na mizizi yake. Nitaipanda mbele ya mulango, yaya. Haiko nyuma ya nyumba.

Mudogo yako,
Bwalya