Kitanda Wamechukua, Mimi Nimebaki

Nyumbani kwangu (na si kwa mtu mwingine yeyote),
Tarehe: itazame kwenye muhuri wa posta.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Watoto je, na yule mdogo aliyekuwa akisumbuliwa na kifua, anaendeleaje? Mimi sijambo. Nasema tena, sijambo, kwa sababu najua umeshaambiwa vingine. Goti linalalamika kama kawaida yake na macho yanataka miwani mipya, lakini kichwa kiko palepale kilipokuwa siku zote, na kinafanya kazi.

Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Tangu utotoni hujawahi kuniacha nimalize ninachosema. Barua huwezi kuikatiza, labda uichane, na ukiichana nitaandika nyingine.

Joto la mwaka huu halina adabu. Bati linaanza kulia kabla sijamaliza chai, na ikifika adhuhuri chumba cha mbele hakikaliki. Kwa hiyo nimejipangia. Alfajiri nafagia ua, nayamwagia maji maua yangu kwenye makopo, nafungua madirisha yote hewa ipite. Jua likishapanda nayafunga, nashusha mapazia, najilaza sakafuni kwenye saruji bila hata mkeka, na gauni langu jepesi, gazeti la zamani usoni. Mkaguzi wa shule angenikuta hivyo enzi zile, ningepewa barua ya onyo siku hiyohiyo.

Jioni natoa kiti barazani. Hapo mtaa mzima unapita mbele yangu. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara nilimfundisha, na mpaka leo akiniona anazima redio kwanza ndipo anaamkia. Mwenye bucha naye nilimfundisha, huyo hazimi kitu, ila nyama yangu haina mifupa mingi. Naulizwa maswali ya kila aina, huyu anataka nimsomee barua ya mahakama, yule anataka kujua mtoto wake atafaulu au la. Nawaambia ukweli, wananuna, kesho wanarudi.

Ndiyo maisha yangu hayo. Sasa tuje kwenye lile lililokufanya uniambie kwenye simu, kwa sauti ya upole kana kwamba nimelazwa, "Dada, umefanya kazi ya kutosha, waachie watoto." Ulikata simu kabla sijakujibu. Jibu lako ni hili.

Ni kweli nilianguka. Sifichi. Nilitoka kuanika nguo jua likiwa utosini, sikuwa nimekunywa maji tangu chai, nikaona giza, nikaenda chini na beseni langu. Jirani yangu, fundi cherehani, alisikia kishindo akaruka ukuta. Alinipa maji, akaniweka kivulini, akaokota nguo akaanika zilizobaki. Mpaka hapo alikuwa amefanya vizuri kabisa. Kisha akampigia simu Mkubwa wangu, na hapo ndipo aliponiponza.

Unamjua mpwa wako. Anajenga barabara, na tangu aanze kazi hiyo kila kitu anakiona kama kilima cha kusawazishwa. Kabla jua halijatua alikuwa ameshampigia dada yake muuguzi, na siku ya pili muuguzi akaingia kwangu na mkoba wake. Alinipima presha, sawa. Akanipima sukari, sawa. Halafu akakaa kitako, akabadilisha sauti, akaanza kuniuliza maswali yale wanayowauliza wazee kujua kama akili bado ipo.

Mdogo wangu, nilimwacha aendelee. Akaniambia nianze na mia nitoe saba, nitoe tena saba, niendelee hivyohivyo. Nilishuka mpaka nikafika mbili, na yeye alikuwa ameshapotea njiani, anahesabu kwa vidole. Akanitajia maneno niyakumbuke, nikamrudishia yote, tena kwa mpangilio wa alfabeti. Alipoona hivyo akauliza, "Mama, leo tarehe ngapi?"

Nikamwambia sijui. Akauliza mwezi tuko katikati au mwishoni. Nikamwambia sijui na sina haja.

Hilo ndilo walilolishika. Hajui tarehe. Mama amekwisha. Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini sijui. Wewe umekaa na walimu, ungeelewa. Maisha yangu yote ya kazi, kitu cha kwanza kila asubuhi kilikuwa kuandika tarehe kwenye kona ya ubao. Nimeiandika nikiwa na homa, nimeiandika nikiwa na mimba ya huyohuyo muuguzi, nimeiandika siku niliporudi kazini baada ya kumzika shemeji yako. Siku niliyostaafu niliapa kwamba tarehe na mimi basi. Kalenda wanazoniletea nimezigeuza upande mweupe nikatandika kwenye kabati la vyombo. Siku ya pensheni naijua nikiona wastaafu wenzangu wanapita na mashati yaliyopigwa pasi. Muuguzi alipofungua kabati akaona kalenda zimelaliwa na sahani, machozi yakamlengalenga. Nikadhani anasikitikia sahani.

Basi wakakutana kwenye simu, wewe, Mkubwa na muuguzi. Mkakubaliana nihamie kwa Mkubwa, ghorofa ya nne, na nyumba hii ipangishwe. Mlipomaliza ndipo mkanijulisha. Hapo niliumia, mdogo wangu. Nimekaa mbele ya watoto wa watu miaka na miaka, na hata yule mtundu kuliko wote sikumhamisha dawati bila kumsikiliza. Ninyi mlinihamisha nyumba.

Kwa Mkubwa napajua. Nilikaa kule kiangazi kilichopita. Mkamwana wangu ni mtu mwema, sina neno naye, na hapo ndipo penye tabu. Nikishika kikombe nikioshe, "Mama, pumzika." Nikishika ufagio, "Mama, pumzika." Nilipumzishwa mpaka nikachoka. Dirisha la chumba changu linatazama ukuta wa ghorofa jingine, na ngazi zile nikizishuka sina uhakika kama goti litakubali kuzipanda. Mnaogopa nisianguke uani. Mimi naogopa nisikae kitini mchana kutwa nikisubiri watu warudi kazini waniambie pumzika. Nimejipima, naogopa hilo zaidi.

Sasa sikia walivyofanya. Mkubwa alikuja na lori dogo na wapakiaji. Akaniambia vitu vitatangulia, kisha atarudi na gari kunichukua mimi. Sikubishana naye. Mtoto aliyenizoea angeshtuka hapo hapo, lakini yeye alifurahi, akaniita mama msikivu. Wakatoa makochi, wakatoa kabati, kalenda zangu zikapeperukia uani. Wakatoa kitanda.

Kitanda kile ndicho nilicholala na shemeji yako mpaka alipotutoka. Walipokipitisha mlangoni kimesimama wima, roho iliniuma, sitakudanganya. Niliingia jikoni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikatoka. Jikoni hawakufika, kwa hiyo jiko lilibaki, na sufuria ndogo, na kikombe nilichokuwa nacho mkononi.

Mkubwa aliporudi na gari alinikuta barazani nimekalia ndoo niliyoipindua. Akafungua mlango wa gari. "Mama, twende."

Nikamwambia aende salama na awasalimie wote.

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaingia ndani, nikamsikia anatembea chumba hadi chumba, viatu vinalia kwa sababu hakuna kitu. Akatoka amekunja uso. "Mama, humu ndani hamna kitu."

"Nimo mimi," nikamwambia.

Alijaribu kila njia. Alibembeleza, akapandisha sauti, akashusha, akanikumbusha kwamba yeye ndiye mkubwa. Nikamkumbusha mimi ndiye niliyemzaa. Fundi cherehani alikuwa juu ya ukuta anasikiliza, na sikumfukuza, nilitaka shahidi. Mwisho Mkubwa akafunga gari kwa hasira. Nilidhani anaondoka. Akaingia ndani, akajilaza kwenye saruji na shati lake la ofisini.

Asubuhi aliamka ameshika kiuno. Nilikuwa nimeshafagia ua. Nikapika chai, na kwa kuwa kikombe kilikuwa kimoja tukapokezana, yeye fundo, mimi fundo, kama zamani alipokuwa mdogo na hataki chai yake anataka ya kwangu. Halafu akaniuliza, "Mama, kwani wewe mwenyewe unataka nini?"

Swali hilo lilikuwa halijaulizwa na mtu tangu nianguke.

Nikamwambia nataka kubaki hapa. Nikamwambia nguo nitaanika asubuhi au jioni, na chupa ya maji nitatembea nayo mpaka bafuni. Ufunguo wa pili ameshachukua fundi cherehani, na kila siku kabla hajafungua duka atanigongea, nisipoitika aingie. Nikamwambia pia kwamba siku nikishindwa kweli nitasema, na nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, na sitangoja kuletewa lori. Sitaki kufia hapa kwa ukaidi. Nataka kuishi hapa kwa sababu bado naweza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza, tofauti na mjomba wake. Kisha akaniambia yeye angekubali, ila Mjomba ameshasema na yeye hawezi kulivunja neno la Mjomba. Kwa hiyo vitu vitakaa kwake mpaka wewe useme. Ukisema nibaki, kitanda kitarudi. Ukisema nihame, kitanisubiri ghorofani.

Ndivyo mambo yalivyo sasa. Kitanda changu kiko mdomoni mwako.

Lakini usijione. Mkubwa alipoondoka tu, nilivaa viatu nikaenda kwa seremala. Nimemwagiza kitanda kingine, cha mbao nzito, na nimemwambia akiundie humuhumu chumbani, kiwe kikubwa kuliko mlango. Atakayetaka kukitoa aje na msumeno, na anikute nimekilalia. Kazi ameshaanza, nakuandikia huku nasikia randa inavyokwenda. Cha zamani wakae nacho, wageni wao watalala vizuri.

Kwa hiyo sikuombi ruhusa, mdogo wangu. Ninachokuomba ni kingine. Watakupigia tena, nawajua. Wakikupigia, usiwaambie Dada abaki, wala usiwaambie Dada ahame. Waambie, "Muulizeni mwenyewe." Uliza na wewe. Mimi ndiye niliyekushika mkono siku ya kwanza ulipokwenda shule, na njia nzima nilikuwa nakuuliza kama umechoka, kama una njaa, kama unataka tupumzike. Sikukuburuta. Ukiona hata kuniuliza ni kazi, nitaumia, na nitabaki hapahapa nikiwa nimeumia.

Nisalimie wifi yangu sana, mwambie ule mtandio alionitumia nautumia kujifunika kichwa nikianika nguo, kwa hiyo naye amechangia usalama wangu. Wasalimie watoto wote, shangazi yao anawakumbuka. Fundi cherehani anakusalimu ingawa hamjaonana, amesikia habari zako zote kutoka juu ya ukuta. Muuguzi nimemsamehe, alifanya kazi yake. Mkubwa naye nimemsamehe, nampelekea dawa ya kuchua kiuno.

Mungu akulinde huko ugenini, akupe afya, riziki na usingizi mzuri, wewe na nyumba yako. Nami namwomba anipe nguvu za kufagia ua wangu kesho asubuhi. Kesho kutwa nitamwomba tena.

Dada yako akupendaye, ambaye hukumuuliza.