Mjumbe wa Kata Yetu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile koo limepona, maana juzi redioni sauti ilikuwa imekauka kabisa. Sisi hatujambo, Mama naye mzima. Shemeji yako anakusalimu, ingawa bado amenuna kwa kuwa ulimkatia simu. Nami nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza.

Mji unajipodoa kwa ajili ya mkutano mkuu wa chama. Barabara ya kutoka uwanja wa ndege hadi ukumbini imezibwa mashimo. Ya kwetu imeachwa ilivyo, wajumbe hawapiti huku. Kuta zimepakwa rangi upande wa barabarani tu. Jirani alipouliza upande wa pili je, mpaka rangi alimwambia huko atamalizia mwenyewe.

Chama nacho kimepasuka mpaka kwenye cherehani yangu. Watu wako wameleta oda ya mashati, na wa yule daktari wa meno mnayegombea naye uenyekiti wameleta yao, na kila upande umeniapisha nisiwashonee wenzao. Nimeapa kotekote, nikatundika pazia katikati ya chumba. Kitambaa chenyewe ni jora moja! Ukumbini wanagombania viti vya mbele. Msimamizi anasema hata harusi za wakwe wasioelewana hazijawahi kumchosha hivi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Unajua Mama ndiye mjumbe wa kata yetu, na kata za jirani husikiliza kwanza atasema nini. Watu wako wanakuja kumwamkia kila siku, wanamwita mama wa mwenyekiti. Anawapa chai, anawauliza habari za watoto, hasemi zaidi. Kisha akakusikia redioni ukitangaza kwamba usipochaguliwa utatoka na watu wako mkaanzishe chama chenu. Alizima redio. Akasema tangu utotoni ukifungwa ulikuwa unabeba mpira unarudi nao nyumbani, na yeye alikuachia kwa kuwa mpira aliununua yeye. Chama, akasema, hakukinunua yeye wala wewe.

Kaka, Mama ndiye atakayesimama kumpendekeza daktari wa meno. Nilimsihi, nikamwambia atakuaibisha mbele ya umati. Akajibu kwamba ndiyo maana ananituma nikuandikie, usije ukayasikia mle ndani kwa mara ya kwanza. Nami sitakuficha: niliposhindwa kumbadilisha, nilijikuta sitaki abadilike. Nililia, lakini naona ana haki. Anakupenda, hilo usilitilie shaka hata kidogo.

Nimesikia mmekodi chumba hotelini. Mama hataki hata kulisikia hilo. Kitanda chako amekitandika mwenyewe. Anasema siku hiyo mtatoka nyumbani pamoja, maana zile ngazi za ukumbi ni kali na hataki kushikwa mkono na mtu mwingine. Umpandishe, umkalishe, akuangushe, kisha umrudishe nyumbani.

Tangu jana ananiuliza kama utakuja, niandikie upesi nimjibu nini.

Wifi na watoto wasalimie sana.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi