Mkono Usioacha Kuchuma

Jumanne jioni

Hata glavu wamenivua mbele ya watu.

Asubuhi nyapara alinichagua niongoze ile roboti ya miguu minne inayobeba majani ya chai, eti kwa sababu vidole vyangu ni vyepesi. Kazi yenyewe rahisi: unavaa glavu, unatembeza vidole viwili hewani kama miguu ya mtu, na roboti inatembea. Ukibana kidole gumba na cha shahada pamoja, inapiga magoti.

Ilitembea vizuri mpaka tukafika penye majani mapya. Mkono wangu haukuniuliza. Miaka ishirini na mbili ya kuchuma majani mawili na chipukizi... Vidole vikabana, roboti ikapiga magoti. Nikaiinua, ikapiga tena. Mara ya tatu ilikuwa mtaroni, na magunia yote yakamwagika.

"Mama Akinyi, wacha kuchuma!" injinia wa roboti akasema.

"Sichumi," nikamjibu. Nilikuwa nachuma.

Glavu akapewa Chebet wa ofisini, ambaye hajawahi kuchuma chai hata siku moja. Roboti ikamfuata kama ndama.

Nyapara hakunigombeza. Aliniambia tu nisije kesho.

Kuchuma tulishanyang'anywa na mashine za kukata. Hii ya roboti ndiyo ilikuwa imebaki. Baba Akinyi ameona uso wangu, akaenda kuwasha jiko.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uko kwenye kitambaa cha meza, unachuma.