Glasi za Shangazi Huguette

Nantes, 9 Januari 1994

Mpendwa Shangazi Huguette,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limetulia. Sisi huku hatujambo. Loïc ana mafua, na mafua ya mume wangu unayajua, ni ya kulala kwenye kochi mpaka supu iletwe. Watoto wanakusalimu na wanamuulizia paka.

Shangazi, niseme moja kwa moja, maana ukiona nazunguka utawashia jiko kwa barua hii kabla hujafika mwisho. Nimepata mnunuzi. Anaitwa Bwana Castérac, ana kampuni Paris inayonunua nyumba ndogo za shampeni. Anataka mashamba, pango la mvinyo na jina. Ameahidi lebo itabaki vilevile, Brisquelet, pamoja na picha ya jogoo wetu. Kabla ya kusema neno la mwisho anaomba kuja kuonja, yeye na mwonjaji wake.

Najua utasema nini. Lakini tangu Baba afariki, nusu ni yako na nusu ni yangu, nami naishi mbali nang'oa meno ya watu. Wewe una miaka sabini na tatu. Oktoba ulianguka kwenye ngazi za pango, ukakaa huko chini mpaka mleta barua akakusikia unatukana. Hata hukuita msaada, ulikuwa unatukana ngazi. Nani atageuza chupa mwakani ili mashapo yashuke? Nani atapogoa mizabibu ya mteremkoni kwenye baridi ile? Baba tulimkuta chini huko, kikapu cha chupa bado kiko mkononi. Sitaki kupigiwa simu ya namna hiyo mara ya pili. Naogopa, ndiyo ukweli wenyewe.

Nikubalie waje waonje tu.

Mwanao,
Maëlle


Vaucremy, 16 Januari 1994

Mwanangu Maëlle, Bibi Sabuni wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Goti linauma asubuhi, ikifika mchana linasahau. Paka amenenepa mpaka aibu. Mpe pole Loïc, umwambie mafua yanatibiwa kwa mvinyo mwekundu wa moto na mdalasini, hiyo supu ni ya wagonjwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimeisoma kwa hasira. Kwanza, sikuanguka. Nilikaa ghafla.

Pili, nyumba hii haiuzwi. Babu yangu alichimba pango hili kwa sururu, ndani ya mwamba wa chokaa, na alama za sururu unazijua, ulikuwa ukizipapasa ulipokuwa mdogo. Wajerumani walipokuja kulala kwenye vyumba vyetu vya juu, bibi yako alijenga ukuta mbele ya chupa nzuri, akaupaka vumbi na utando wa buibui, kisha akawapa wageni wake mvinyo wa ule mwaka mbaya wa mvua. Walikunywa, wakasifu, wakaondoka. Mwanamke huyo ndiye aliyenizaa. Leo unataka nimfungulie mlango mtu wa Paris na kalamu yake, nimwambie karibu, chukua?

Unasema unaogopa nisife chini. Na mimi naogopa kufa juu, kwenye kiti cha plastiki, katika nyumba ya wazee wanaopewa juisi saa kumi na moja jioni. Kila mtu na hofu yake.

Lakini sitaki useme shangazi yako hasikilizi. Waje. Ila wataonjea jikoni kwangu, kwenye meza yetu, nitamimina mimi mwenyewe katika glasi zetu, na wewe utakuwa umekaa kwenye kiti cha baba yako. Bila wewe sifungui hata kizibo kimoja.

Wabusu watoto.

Shangazi yako,
Huguette


Nantes, 30 Januari 1994

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Vipi baridi huko? Redio imesema barabara za Épernay zimeganda. Usitoke bila viatu vya misumari, tafadhali, hata kama ni kumfuata paka.

Asante kwa kukubali. Umekubali upesi mno, na hilo linanitia wasiwasi, lakini nashukuru. Watakuja Alhamisi tarehe 17 Februari. Nitafika usiku wa kuamkia siku hiyo. Naomba usiwapikie kichwa cha nguruwe, usiwasimulie habari za Wajerumani, na usimuite mtu yeyote mshenzi kabla hajavua koti.

Halafu hilo jina la Bibi Sabuni lisitajwe mbele ya wageni. Nilikuwa na miaka saba, nilitaka kusaidia siku ya kuonja. Niliziosha glasi zote kwa sabuni ya vyombo mpaka zikang'aa, nikajiona wa maana. Nilijuaje kwamba sabuni inaacha utando kwenye glasi na viputo vinagoma kupanda? Babu akamimina, mvinyo ukanyamaza kama maji ya bomba, uso ukamgeuka mweupe, akadhani mavuno ya mwaka mzima yamekufa. Mpaka Baba aliponusa glasi yake. Mmenicheka miaka thelathini. Na mpaka leo, hapa kwangu, glasi za shampeni hazigusi sabuni. Ni maji ya moto matupu, na kitambaa cha kitani kilichokatwa kwenye shuka za Bibi. Loïc anaona nina kichaa.

Shangazi, siuzi kwa sababu siipendi nyumba. Nauza kwa sababu nakupenda zaidi wewe. Naomba uliweke hilo moyoni hata kama utanichukia.

Mwanao,
Maëlle


Nantes, 21 Februari 1994

Shangazi,

Shikamoo. Nilifika salama. Samahani kwa kuondoka Alhamisi bila kukubusu.

Bwana Castérac amenipigia leo. Anasema alichokisema pale mezani ndicho hichohicho: mvinyo wetu umekufa, haukupandisha hata kiputo kimoja. Sasa jina hataki, jogoo hataki, pango hataki. Anataka mizabibu tu, kwa bei ya kutupa. Zabibu zetu zitamwagwa kwenye matangi yake na za watu wengine, zitiwe sukari ya kutosha, ziuzwe dukani kwa jina jingine. Amenipa mpaka mwisho wa Machi kuamua juu ya nusu yangu.

Nina swali moja kwako, ila sijui niliulizeje. Kwa hiyo siliulizi.

Maëlle


Vaucremy, 28 Februari 1994

Mwanangu,

Marahaba. Ni mzima, na goti ni lilelile. Natumaini wewe, mumeo na watoto hamjambo, ingawa barua yako ilikuwa fupi kama risiti ya bucha.

Nakujibu swali ambalo hukuuliza. Ndiyo. Niliziosha kwa sabuni, asubuhi ile ulipokuwa bado umelala, na sikuzisuuza vizuri. Katika maisha yangu yote sijawahi kuzifanyia glasi zile jambo hilo. Lakini sijutii. Ningeweza kulirudia kesho.

Ulikuwepo, ukaona. Niliwafungulia ule wa mwaka themanini na mbili, wa mteremko wa Miiba, ambao baba yako aliuchanganya kwa ulimi wake mwenyewe. Siyo wa mwaka wa mvua. Niliwapa mzuri kuliko yote, na mtu mwenye ulimi wa kuonja angejua. Yule mwonjaji wao mzee, Fauvel, alijua. Alionja, akafumba macho, akasema, "Bosi, mdomoni huu uko hai kabisa. Unachoma ulimi."

Castérac hata hakumeza. Aliiinua glasi dirishani. "Fauvel, mteja anakunywa kwa macho. Bibi, mvinyo wako umelala au umefiwa?"

Nikamwambia umechoka kusubiri wageni.

"Basi jina halitatusaidia kitu," akasema. "Jina tuliliahidi ili mambo yaende upesi. Sisi tulifuata mizabibu." Akalisema hilo akimtazama binti wa Rémi Brisquelet, aliyekaa kwenye kiti cha Rémi Brisquelet, kana kwamba anazungumza na karani. Uso wako ulikuwa mwekundu mpaka masikioni.

Hukuona kilichofuata, kwa sababu ulikuwa umetoka nje kumsindikiza mpaka kwenye gari. Fauvel alirudi jikoni eti amesahau kofia. Akachukua ile glasi iliyokuwa ya haradali, iliyo kwenye sinki, ninayonywea maji na ambayo sabuni haikuifikia, akajimiminia kidogo. Viputo vikapanda juu kama kawaida. Akavitazama, akanitazama mimi, akanywa mpaka tone la mwisho, akajifuta masharubu, akaenda zake. Yule ningemuuzia, kama ningekuwa nauza.

Lakini Maëlle, Alhamisi ile sikuwa nikimtazama Castérac wala Fauvel. Nilikuwa nikikutazama wewe. Uliinua glasi, ukainusa kama baba yako alivyoinusa ya kwake siku ya sabuni yako, ukairudisha mezani polepole. Ulijua. Ungesema neno moja tu, ningeaibika mbele ya watu na wewe ungeuza kwa bei yote. Hukulisema. Najiuliza kwa nini, na usingizi hauji.

Sasa uko huru. Mwandikie Castérac, mwambie shangazi yako ni tapeli, atarudi mbio. Nusu yako ni yako, sitakuzuia. Nusu yangu atanikuta nimeikalia. Nitaipogoa kwa kutambaa, nitashuka pangoni kwa makalio, ngazi moja moja, na nitatukana kwa sauti ili mleta barua ajue nipo.

Jumamosi tarehe 26 Machi ni siku ya mvinyo mchanga. Desturi ya nyumba unaijua: wote wenye jina wanakaa mezani, wanaonja kila tangi, wanatemea ndoo moja, na mchanganyiko wa mwaka haupangwi mpaka wote wakubaliane. Mwaka jana nilikaa peke yangu, nikakubaliana na mimi mwenyewe, na mvinyo wenyewe si mzuri. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Nitaweka viti viwili. Ukija tutabishana. Usipokuja nitabishana na paka.

Shangazi yako,
Huguette


Nantes, 20 Machi 1994

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti halijambo. Sisi tuko salama, na Loïc amepona, baada ya kunywa dawa yako kwa bidii kuliko ilivyohitajika.

Umengoja jibu muda mrefu. Nilikuwa na hasira, na nilitaka iishe kwanza. Haijaisha, lakini imebadilika.

Unauliza kwa nini nilinyamaza. Nisingependa ujidanganye kwamba ni mapenzi. Niliponusa ile sabuni nilitaka kuipindua meza. Nikasema moyoni, huyu mama amenifanya mtoto wa miaka saba tena, mbele ya watu. Nilikuwa nimefungua mdomo tayari. Ndipo Castérac akasema lile neno kuhusu jina, kwamba waliliahidi ili mambo yaende upesi, na hasira yangu yote ikahamia kwake. Nikafunga mdomo.

Lakini sikuweza kulala na sabuni ile, Shangazi. Nyumba iliyonusurika kwa sababu mnunuzi amedanganywa bado iko sokoni. Inamngoja mnunuzi mwenye pua nzuri zaidi. Siwezi kuilinda hivyo, Bibi alilazimika kudanganya, maana yeye alikuwa na bunduki za Wajerumani mlangoni, na sisi mlangoni tuna wakili tu. Kwa hiyo nilimpigia Castérac nikamwambia ukweli wote: kwamba glasi zilikuwa na sabuni, kwamba mvinyo uko hai, kwamba Fauvel alimwambia kweli naye hakumsikiliza.

Alicheka sana. Alikuita jina ambalo sitaliandika, nadhani utalipenda. Kabla wiki haijaisha akaniletea barua yenye bei yake ya mwanzo, na jina, na jogoo, yote kwa maandishi safari hii, na sahihi yake chini.

Nikamwambia hapana.

Akauliza nataka nini zaidi. Nikasema sitaki kitu. Akasema wewe ni daktari wa meno, dada yangu, utafanya nini na mizabibu? Nikamjibu nitafanya kile ambacho akina Brisquelet wamekuwa wakifanya, na asiniite dada. Nilipokata simu nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu Baba alipokuwa hai.

Sasa nisikilize, kwa sababu na mimi nina ukaidi wangu na nimeupata kwako. Fundi anakuja Jumatano kuweka vishikio kwenye ngazi za pango, pande zote mbili. Ukimfukuza, namba ya Castérac bado ninayo. Mwezi wa mavuno nafunga kliniki na tunakuja wote, Loïc ameshaanza kulalamikia mgongo kabla ya kuinama. Na tutaajiri mtu wa kugeuza chupa. Hili sikuombi, nakuarifu, maana nusu ni yangu na nimeamua kuikalia.

Jumamosi nakuja na treni ya asubuhi. Tutaonja na tutabishana, na nakuonya mapema kwamba mvinyo wa Miiba mwaka huu sitakubali utiwe hata chembe ya sukari.

Glasi usiziguse. Nitaziosha mimi.

Mwanao,
Bibi Sabuni