Bomba Uliloling'oa Burat

Guyo mjukuu wangu,

Salaam sikupi. Salaam hupewa mtu aliyeaga, na wewe ulikimbia kama fisi aliyerushiwa kijinga cha moto, ukamwacha baba yako chini akitema meno. Mwanaume mzima! Aibu huna?

Unakumbuka ile vani ya baba yako, ya kubeba ngozi kutoka Oldonyiro? Bomba lake la moshi lilikuwa limeoza, likikohoa mpaka mbuzi wa hapa kijijini Chechelesi wanakata kamba. Ukiwa mdogo ulikuwa unaiiga kwa mdomo, prrr-pwaa, nami nacheka hadi maziwa yanamwagika. Nilikupenda, mjinga wewe. Ndiyo maana nakutukana.

Mwaka ule wa kiangazi, bomba likakatika kabisa. Fundi akakwambia, "Niletee bomba nichomelee." Ukaenda Burat, ukakata bomba la maji, lile la birika la kunyweshea ngamia! Ulipoleta gari nyumbani nikaliona bomba hilo huko chini yake, bado lina ukoga wa kijani. Nikakuuliza hilo ni nini. Ukanicheka bibi yako: "Akko, bomba ni bomba."

Nilikuzaba kofi, lakini wenye ngamia walikuwa wameshafika. Walifuata alama za magurudumu. Ngamia wao walishinda wakilamba matope. Wakakuvuta nywele mpaka chini. Baba yako akajilaza juu yako, marungu yakamshukia yeye. Mmoja akaling'oa lile bomba kwa kitambaa, lingali moto, akampiga nalo usoni. Nilisikia jicho likiungua, Guyo. Nami nikamuuma huyo mtu mkono mpaka mfupa, damu yake nikaitema mchangani. Kugeuka, wewe hupo.

Baba yako alipona, jicho moja likabaki shimo. Akapeleka bomba jipya birikani. Aba herega, yule mzee anayepanga zamu za kunywesha, akalikataa. "Mkono uliokata ndio urudishe." Desturi unaijua. Tangu siku hiyo tumenyimwa zamu, ng'ombe wetu hawanywi Burat. Baba yako anawaswaga mpaka mtoni, na mwaka huu tena mvua imegoma. Juzi alianguka njiani, akarudishwa amebebwa kama kuni. Safari nyingine kama hiyo itamzika. Hata hivyo hajakutukana hata mara moja. Kazi hiyo ameniachia mimi.

Nasikia uko Nakuru, unaendesha gari la watu lisilo na kelele. Haya. Mimi gari likikohoa barabarani natoka nje kuangalia. Usidhani ni mapenzi. Natoka na fimbo.

Kwaheri nitakupa ukishafika. Sasa sikiliza. Tafuta bomba la maji. La maji, Guyo, si la moshi! Ulibebe begani kwa miguu, kutoka mjini kwetu hadi Burat, mchana, watu wakuone. Wakikupiga, usikimbie. Lifunge kwa mkono wako mpaka maji yatoke. Kisha chota hayo hayo, uje umnawishe baba yako uso.

Akko wako, mama wa baba yako